MAJI YAPEWE NJIA YAKE
Namna ya Kutengeneza Ardhi Iliyochimbwa Madini

Siku ya Jumamosi, tarehe 26 Februari 1972, yapata saa 2 asubuhi, watu wa bonde la Buffalo Creek, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, walifikiwa na msiba mkubwa. Juu ya bonde lao palikuwa na bwawa lililozuiwa kwa kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadha. Kifusi kililowana, kikalainika, kisha kikabomoka. Maji meusi yapatayo lita milioni 500 yaliteremka bondeni kwa nguvu. Watu 125 walikufa, na zaidi ya 4,000 walikosa makao.

Yafaa ifahamike kwamba ukuta ule haukujengwa kwa ufundi wa mabwawa. Kifusi kilimwagwa tu, mzigo juu ya mzigo, wala haikuwapo njia ya kutosha ya kutoa maji yaliyozidi. Maji yalinyimwa njia, nayo yakajitafutia.

Msiba huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Wamarekani kutunga sheria ya tarehe 3 Agosti 1977. Sheria hiyo humlazimu mwenye kuchimba makaa juu ya ardhi kuirudisha nchi katika umbo linalokaribia lile la kwanza, na kuyatawala maji muda wote wa kazi. Kazi yenyewe ina sehemu tatu.

Kwanza, maji yatokayo mlimani huzuiwa yasiingie mahali panapotengenezwa. Mfereji huchimbwa upande wa juu, ukayapeleka maji kando. Upana wake haukisiwi kwa macho. Ikiwa mto wenyewe umehamishwa kwa kudumu, mfereji wake sharti utoshe mvua ya saa 6 iliyo kubwa kiasi cha kutazamiwa mara 1 katika miaka 100. Maana yake si kwamba mvua hiyo ikiisha kunyesha haitarudi mpaka miaka 100 ipite. Yaweza kurudi hata mwaka ujao. Ni kipimo cha ukubwa wake tu.

Pili ni maji yanyeshayo papo hapo. Udongo uliorudishwa haujashikana, na mvua hata ndogo huuchukua. Kwa hiyo miteremko hupunguzwa ukali, na mifereji hutandikwa mawe ili maji yasiichimbe. Pakiwa na chemchemi chini ya kifusi, njia ya mawe hutangulia kuwekwa chini kabisa, maji yapite bila kukilowanisha kifusi chote. Mwisho maji yote huingia katika mabwawa madogo, yakatulia humo, tope likazama, ndipo yaachwe kwenda mtoni. Kila bwawa huwa na njia ya kutoa maji yaliyozidi, na hukaguliwa na fundi mwenye ujuzi.

Tatu ni majani. Udongo wa juu, uliowekwa kando kabla ya kuchimba, hutandazwa tena, kisha mbegu hupandwa bila kukawia, kwa kuwa mizizi ndiyo kamba ya udongo. Hapa wengi hukosea, wakidhani nchi ikionekana kijani kazi imekwisha. Sheria hairuhusu mabwawa ya tope kuondolewa kabla ya miaka 2 kupita tangu kupanda mara ya mwisho. Tena mwenye mgodi huweka fedha ya dhamana mbele ya serikali kabla ya kuchimba, na dhima yake hudumu miaka 5 baada ya kupanda. Katika nchi kavu ni miaka 10.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Katika Kwale, pwani ya Kenya, uchimbaji wa mchanga wenye madini ulikoma mwezi wa Desemba 2024, na kazi ya kuitengeneza ardhi huendelea baada ya mashine kunyamaza. Mkulima achimbaye matuta katika shamba la mteremko ameijua siri hii zamani: maji hayashindwi kwa kuzuiwa tu, bali kwa kuongozwa polepole. Asiyeyapa njia wakati wa kiangazi, yatajichagulia yenyewe wakati wa masika, na huenda ikawa ni kupitia mlangoni kwa jirani.