Mchezo wa gofu ulivyonifunza kusahihisha madaftari

Wahenga walinena kuwa papo kwa papo kamba hukata jiwe. Katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili niliiandika methali hii ubaoni, nikawaeleza wanafunzi kuwa maana yake ni ustahimilivu: mwenye kurudia jambo pasi na kuchoka hatimaye hufaulu. Sikuwahi kuwauliza, wala kujiuliza mwenyewe, swali dogo lililojificha humo. Je, kamba ikipita mahali pasipofaa, jiwe halikatiki? Jibu nililipata baada ya kustaafu, na sikulipata maktabani. Nililipata katika uwanja wa gofu, kwa mtu ambaye zamani nilimhesabu miongoni mwa wanafunzi wazito darasani mwangu.

Najua msomaji atashangaa. Mwalimu wa shule ya msingi na gofu, wapi na wapi? Kwa sisi walimu wa Kiswahili, gofu ni nyumba iliyobomoka ikabakia kuta. Mchezo wenye jina hilo uliletwa nchini na wakoloni. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia viwanjani humo akiwa amebeba mkoba wa mwenye kucheza. Hata leo wengi huuona kuwa ni burudani ya mabwanyenye. Hata hivyo, viko viwanja vidogo vya mashimo 9 katika miji ya mashambani ambavyo ada zake si za kutisha. Katika kimoja cha viwanja hivyo, rafiki yangu wa tangu chuo cha ualimu alinialika na kunipa fimbo zake kuukuu. Nilikwenda kunyoosha miguu tu. Nikanaswa.

Kwa asiyeujua, mchezo huu huonekana mwepesi kama kunywa maji. Mpira wenyewe ni mdogo, kipenyo chake hakipungui milimita 42.67 na uzani wake hauzidi gramu 45.93. Umetulia tuli juu ya nyasi. Hakuna beki anayekukimbiza wala mlinda lango anayekuzuia. Basi ugumu u wapi? Ugumu umo katika kurudia. Mzungusho wa fimbo, tangu inapoinuliwa hadi inapougonga mpira, huchukua kama sekunde moja. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha mambo yamekwisha. Hakuna dua itakayourejesha. Walimu wa hisabati na wapige hesabu hii: mpira uliopotoka kwa digrii 1 tu utakapofika mita 200 utakuwa umeachana na shabaha kwa takriban mita tatu na nusu. Ukipotoka kwa digrii 5, utaachana nayo kwa zaidi ya mita 17, na huko ndiko vichaka viliko.

Ndiyo maana mchezaji wa ridhaa kama mimi anaweza kupiga mpigo mmoja wa kupendeza, kila mtu akashangilia, na mpigo unaofuata akautia mtoni. Tofauti yetu na mabingwa si kwamba wao hupiga vizuri ilhali sisi hatuwezi. Sisi pia hupiga vizuri mara moja moja. Ila hatujui mpigo huo ulitoka wapi, wala utarudi lini.

Ugonjwa wangu mimi ulikuwa mmoja: mpira ulipinda kuelekea kulia. Nikafanya wafanyavyo wengi, yaani nikaugeuza mwili wangu kuelekea kushoto ili mpira ukipinda urudi katikati. Ukazidi kupinda. Nikabadili fimbo. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Kila Jumamosi nikaenda katika uwanja wa mazoezi na kupiga mipira 100 kwa fimbo moja, jasho likinitoka, nikijipa moyo kwa ile ile methali ya kamba na jiwe. Handikapu yangu, yaani idadi ya mipigo ya ziada ambayo mchezaji huruhusiwa kwa kadiri ya uwezo wake, ilikuwa 24. Mwaka ukapita. Ilikuwa 24 bado.

Asubuhi moja kedi aliyepangiwa kubeba mkoba wangu aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamtazama. Sura sikuikumbuka, lakini aliponitajia jina na shule, nililikumbuka daftari lake. Alikuwa katika darasa langu la saba mwaka 1996. Daftari lile lilijaa wino mwekundu mithili ya shamba lililopitiwa na moto. Kijana aliandika "kitabu yangu", akaandika "viti zimevunjika", akaandika "chakula imeiva". Nami nilikata kila kosa, nikaandika sahihi pembeni, nikamwamuru ainakili mara 50. Wakati mwingine nilimtia kiboko pia, kwa kuwa enzi hizo kiboko kilikuwa hakijapigwa marufuku shuleni. Marufuku ilikuja mwaka 2001. Alinakili mara zote 50 kwa hati nzuri. Juma lililofuata akaandika "viatu zangu". Nikakata shauri kuwa ni mzito wa kichwa, nikageukia wenzake. Alimaliza darasa la nane, karo ya sekondari ikakosekana, akaja hapa uwanjani kubeba mikoba.

Tulicheza mashimo matatu bila ya yeye kusema neno juu ya mchezo wangu. Katika shimo la nne, baada ya mpira kupotelea vichakani, aliniomba ruhusa anionyeshe jambo moja. Moja tu. Alisema kuwa mimi huutazama mpira unakokwenda, ilhali yeye amekuwa akiitazama mikono yangu. Kisha akanieleza. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umegeuzwa mno upande wa kushoto juu ya mpini; kwa hiyo fimbo ilipoufikia mpira, uso wake ulikuwa wazi, umetazama kulia. Hilo ndilo lililoupinda mpira. Tena kule kujigeuza kushoto kwangu kuliifanya fimbo iukate mpira kwa mshazari, kutoka nje kuja ndani, na kuuongezea mzunguko ule ule wa kuupeleka kulia. Dawa niliyoinywa mwaka mzima ndiyo iliyoulisha ugonjwa.

Akaugeuza mkono wangu kidogo kuelekea kulia hadi nilipoweza kuviona vifundo viwili vya vidole vyangu nikiinama. Basi. Hakugusa kitu kingine. Ajabu ni kwamba mshiko ule sahihi ulinikera kama kiatu cha mtu mwingine. Juma la kwanza nilicheza vibaya kuliko awali, nikatamani kuurudia mshiko wangu wa kale, maana kosa nililolizoea lilikuwa na raha kuliko usahihi nisiouzoea.

Wasiwasi wangu huo haukuwa mgeni katika mchezo huu. Ben Hogan wa Marekani, ambaye naye alianza akiwa kedi mtoto, alihangaika miaka mingi na mpira uliopinda kuelekea kushoto kabla ya kuwa bingwa. Alipoandika masomo yake matano ya gofu mwaka 1957, somo la kwanza halikuhusu nguvu wala umbali. Lilihusu mshiko. Naye Tiger Woods, baada ya kushinda mashindano ya Masters mwaka 1997 kwa tofauti ya mipigo 12, aliamua kuutengeneza upya mzungusho wake wa fimbo. Mwaka 1998 alishinda shindano moja tu katika ligi kuu ya Marekani, na walimwengu wakanong'ona kuwa amejiharibia. Mwaka 2000 alinyakua mataji matatu kati ya manne makuu. Ikiwa bingwa alikubali kurudi nyuma ili asonge mbele, mstaafu mwenye handikapu ya 24 ni nani akatae?

Mwalimu wangu mpya alibadili pia namna ya kufanya mazoezi. Mipira 100 aliipiga marufuku, akanipa 30. Kila mpira niupige kwa fimbo tofauti, kuelekea shabaha tofauti. Baada ya kila mpigo nirudi nyuma hatua mbili, niushike mpini upya, na kabla yeye hajasema lolote mimi mwenyewe nieleze mpira ulikwenda wapi na kwa nini. Mwanzoni niliudhika. Nikipiga mipira 20 mfululizo kwa fimbo moja, wa ishirini huwa mzuri. Nikibadili fimbo kila mara, yote huwa ya kubahatisha. Lakini wa ishirini ulikuwa mzuri kwa sababu mwili ulikuwa ukiunakili wa kumi na tisa, na uwanjani siku ya shindano hakuna wa kumi na tisa wa kunakili. Kila mpigo ni wa kwanza.

Nilipolipekua jambo hili vitabuni niligundua kuwa kijana yule, pasi na kusoma popote, alikuwa akifuata njia ambayo watafiti wawili wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, waliionyesha katika utafiti wao wa mwaka 1979. Waliwafunza watu miondoko kadhaa ya mkono. Waliofanya mazoezi ya mwondoko mmoja hadi uishe ndipo waingie mwingine walionekana hodari wakati wa mazoezi. Waliochanganya walionekana kubabaika. Walipopimwa baadaye, waliochanganya ndio waliokumbuka zaidi. Walimu wenzangu, tulitafakari hilo tunapowapa watoto ukurasa mzima wa mazoezi ya ngeli moja, nao wakapata 10 kwa 10, nasi tukaenda nyumbani tumeridhika.

Mwaka wa pili handikapu yangu ilishuka hadi 19. Si ajabu ya kuandikwa magazetini, na vichaka bado vyanijua kwa jina. Lakini siku hizi mpira ukipotea najua umepotea kwa sababu gani, na mpigo unaofuata huwa na dawa yake.

Jioni moja, tukitembea kutoka shimo la saba kuelekea la nane, nilimwomba msamaha mwanafunzi wangu kwa yale ya mwaka 1996. Haikuwa rahisi, ulimi wa mwalimu haukuzoea maneno hayo. Alicheka. "Usijali, Mwalimu," akaniambia. "Hata mimi siku ya kwanza hapa nilisema ni wewe uko na kichwa ngumu."

Nilicheka naye, kisha sikio langu likazinduka. Kichwa ngumu! Miaka yote hiyo, na kosa ni lile lile. Mkono ulitaka kutafuta kalamu nyekundu mfukoni. Safari hii, badala ya kumsahihisha, nilimwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza darasani: "Kwa nini wasema 'ngumu'?"

Akafikiri kidogo. "Si watu na wanyama ndio huwa na 'a' na 'wa'? Hizo vitu zingine zote ni 'i', na zikiwa nyingi ni 'zi'. Ndivyo tunaongea hapa kwetu."

Nilisimama. Kumbe kijana hakuwa akibahatisha. Alikuwa na kanuni, tena aliifuata kwa uthabiti ambao mzungusho wangu wa fimbo haujawahi kuufikia: chochote kisicho na uhai alikitia katika ngeli ya I-ZI. "Kitabu yangu", "viti zimevunjika", "chakula imeiva" na "kichwa ngumu" hayakuwa makosa manne. Lilikuwa kosa moja. Mimi niliuona wino mwekundu mara 20 katika ukurasa mmoja nikadhani nimeona makosa 20. Niliutazama mpira unakokwenda. Mshiko sikuutazama kamwe. Na zile sentensi alizonakili mara 50 zilikuwa kama mipira yangu 100 ya Jumamosi. Mkono ulifanya kazi, kanuni iliyokuwa kichwani haikuguswa, na akitoka darasani aliirudia kanuni hiyo mara mamia kwa siku. Kamba ilikuwa ikikata jiwe kweli, lakini si pale nilipodhani.

Basi nikamweleza jambo moja. Moja tu. Asikilize mwanzo wa jina lenyewe: kichwa kigumu, kikapu kikubwa, kiatu changu kimelowa, na yakiwa mengi, vichwa vigumu, vikapu vikubwa. Hatukuwa tumelifikia shimo la nane nilipomaliza. Juma lililofuata, nikijiandaa kupiga, akaniambia taratibu, "Mwalimu, kidole chako kimeteleza." Tukatazamana, tukacheka. Papo hapo akaongeza kuwa viatu yangu zimelowa. Hakuna aliyepona kwa siku moja, si yeye wala mimi.

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya umeshika hatamu. Tumebadilishiwa vitabu, majina ya madarasa na namna ya kutoa alama. Kalamu nyekundu, hata hivyo, imebaki mikononi mwetu, na hakuna waraka wa wizara unaoweza kuifunza adabu. Mwalimu mwenzangu, utakapolifungua daftari lililojaa makosa, usianze kuyahesabu. Mwite mwenye daftari umwulize amefikiri nini. Nawe mwanafunzi, ukirudishiwa kazi yako, usikimbilie kunakili jibu sahihi; tafuta ni wapi mkono wako uliposhika vibaya, na usipopaona, uliza, maana kuuliza si ujinga.

Mimi nilikuwa na kijana yule mwaka mzima, kila siku ya shule, na swali lenyewe lilikuwa la maneno manne tu. Nililiuliza akiwa mtu mzima, mkoba wangu ukiwa begani mwake.