OMBA KILE UNACHOHITAJI TU

Ndugu wanafunzi wa Maganzo, nanyi nyote mnaotusikiliza katika vijiji vya Kishapu, kila mtu na awe na kalamu na daftari lake. Somo la leo lahusu jinsi simu inavyoomba habari kutoka kwenye kompyuta iliyo mbali.

Tangu Dakta John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, watu wa huku wamezoea kuona mawe yakipimwa na kuandikwa. Fikirini daftari la mnunuzi wa almasi. Kila mstari ni habari za jiwe moja lililouzwa. Kila safu ina habari ya namna moja: jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho, simu, mahali anapokaa, uzito wa jiwe kwa karati, bei, na tarehe. Kompyuta nayo hutunza daftari la namna hiyo. Daftari hilo huitwa kanzidata.

Simu haiingii yenyewe ndani ya kanzidata. Mlangoni ipo programu nyingine, mfano wa karani wa dirishani. Simu hupeleka ombi, karani hufungua daftari, kisha hurudisha jibu.

Sasa tuseme imetengenezwa programu ya kuwaonyesha wachimbaji wadogo bei za mawe yaliyouzwa wiki iliyopita. Zinatosha safu 2: uzito na bei. Lakini watengenezaji wengine hupenda njia ya mkato. Katika SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, alama ya nyota (*) maana yake ni, "Nipe safu zote." Ni rahisi kuiandika, ila ina hasara mbili.

Hasara ya kwanza ni fedha na muda. Andikeni hesabu hii. Tuseme daftari lina safu 40, na kila safu ina herufi 50. Mstari mmoja una herufi 2,000, na mistari 100 ina herufi 200,000. Lakini safu 2 tu, kwa mistari ile ile 100, zina herufi 10,000. Basi katika kila herufi 20 zilizoletwa, 19 hazikuwa na kazi. Bando la mchimbaji limezilipia zote, na pale mtandao ulipo dhaifu amengoja bure. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba humwagika vivyo hivyo.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi: siri za watu. Huenda mzee mmoja hapo darasani asema, "Mwalimu, mbona mimi naona bei tu kwenye kioo?" Ni kweli, mzee wangu. Lakini kufichwa kwenye kioo si sawa na kutoletwa. Jina la muuzaji na mahali anapokaa vimekwisha kufika ndani ya simu, na mtu mwenye ujuzi aweza kuvisoma. Mwizi akijua nani ameuza jiwe kubwa na nyumba yake iko wapi, ataka kujua nini tena?

Hata nambari peke yake yaweza kusema mengi. Nambari ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Asiyehitaji nambari hiyo asiletewe.

Dawa yake ni nini? Kwanza, mtengenezaji aache nyota, ataje kila safu kwa jina lake. Ipo pia lugha ya maombi iitwayo GraphQL, iliyobuniwa katika kampuni ya Facebook mwaka 2012 na kutolewa kwa watu wote mwaka 2015. Katika lugha hiyo mwombaji huorodhesha anachotaka, na jibu huja na hicho tu. Tena huweza kuomba mambo kadhaa kwa safari moja, asirudi dirishani mara kumi.

Pili, karani wa mlangoni awe macho. Mwizi naye ajua kuorodhesha. Ni lazima programu ya mlangoni ichunguze nani anaomba, na ana ruhusa ya safu gani.

Sheria nayo yatusaidia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu ziwe zile zinazohitajika kwa kazi iliyokusudiwa, zisizidi hapo.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Safu na mstari vina tofauti gani?
2. Daftari likiwa na safu 20, ukahitaji 5, ni safu ngapi zisizo na kazi?
3. Ukitaka kujua bei tu, ni habari zipi za muuzaji usizopaswa kuletewa? Kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.