Picha ya uchumba mbele ya kasri la Disney: Umati huondolewaje?

Na Mwandishi Wetu

WACHUMBA wawili wamesimama wameshikana mikono. Nyuma yao linaonekana kasri refu lenye minara iliyochongoka, na hakuna mtu mwingine yeyote katika picha hiyo, hata kivuli cha mpita njia.

Picha za aina hiyo zimezagaa katika mitandao ya kijamii, na anayezitazama akiwa Dar es Salaam au Mombasa aweza kudhani kwamba mahali hapo ni bustani tulivu iliyokodiwa na wawili hao kwa siku nzima.

Ukweli ni kinyume chake. Magic Kingdom, bustani ya burudani ya kampuni ya Walt Disney iliyopo karibu na jiji la Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, inakadiriwa kupokea wageni wapatao milioni 20.9 mwaka 2019 na wengine wapatao milioni 17.7 mwaka 2023.

Kwa hesabu ya mwaka 2023, huo ni wastani wa zaidi ya watu 48,000 kila siku, na karibu wote hupita mbele ya kasri hilo, kwa kuwa barabara kuu inayotoka langoni inaishia hapo.

Swali linalojitokeza basi ni jinsi wachumba hao wanavyofanikiwa kupata picha isiyo na watu, na gharama wanayoilipa, ambayo si ya fedha peke yake.

Ni vyema kwanza kufahamu kwamba desturi yenyewe ina sura mbili. Ipo picha ya uchumba inayopigwa baada ya mambo kukamilika, ambayo baadaye hutumiwa katika kadi za mwaliko wa harusi. Ipo pia picha ya tukio la uchumba lenyewe, pale mwanamume anapopiga goti ghafla na kutoa pete ilhali mpiga picha amejificha hatua chache kutoka hapo.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako posa hupelekwa na mshenga na jibu hutolewa na wazee, sura hii ya pili yaweza kuonekana kama mchezo wa hatari. Pwani, jambo huwa limekwisha kuzungumzwa kabla ya pete kuonekana. Huko Florida, swali huulizwa mbele ya maelfu ya watu wasiojuana, na jibu hunaswa na kamera.

Pamoja na hayo, waulizaji ni wengi, na kasri ndilo wanalolichagua. Kampuni ya Disney nayo ilitambua mapema mvuto huo: ilianza rasmi biashara ya kuandaa harusi katika eneo lake la Florida mwaka 1991, na mwaka 1995 ikafungua jengo maalumu la kufungia ndoa, ambalo limejengwa kwa namna ambayo kasri huonekana kwa mbali kupitia dirisha lililo nyuma ya mimbari.

Kasri lenyewe ni kazi ya kuhadaa macho. Lina kimo cha futi 189, sawa na meta 57 na ushei, na ingawa kuta zake zinaonekana kama za mawe, halikujengwa kwa matofali. Ni chuma, saruji na plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo.

Wasanifu walifanya "mawe" ya chini kuwa makubwa na ya juu kuwa madogo, madirisha nayo vivyo hivyo, ili jicho liamini kwamba minara iko juu zaidi kuliko ilivyo. Mbinu hiyo hiyo ilitumika katika ghorofa za juu za maduka yaliyo kando ya barabara kuu.

Kule Anaheim, California, ambako Disneyland ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1955, kasri lina kimo cha futi 77 tu, yaani kiasi cha meta 23, na wageni wengi waliozoea kuliona katika picha hushangazwa na udogo wake wanapolifikia.

Hadaa hiyo humsaidia mpiga picha mwenye kuijua. Asiyeijua huweka kamera usawa wa macho yake, akabonyeza, kisha akashangaa kuona vichwa vya watu vimejipanga nyuma ya wachumba kama shanga katika uzi.

Sababu ni ya kijiometri. Kamera ikiwa usawa wa macho, vichwa vya watu wazima wote wenye kimo kinachokaribiana, wawe karibu au mbali, huangukia katika mstari mmoja, na mstari huo hupita nyuma ya nyuso za wachumba, mahali ambapo ndipo jicho la mtazamaji linapotua kwanza.

Kamera ikishushwa hadi usawa wa magoti, mambo hubadilika. Mtu aliye umbali wa meta 30 huonekana mdogo mara kumi kuliko mchumba aliye umbali wa meta 3, hivyo umati wote hushuka chini na kujificha nyuma ya miguu na gauni, huku minara ya kasri ikipaa juu ya vichwa vya wawili hao.

Ndiyo maana wapiga picha wazoefu katika bustani hizo huonekana wamechuchumaa, au hata kulala kifudifudi juu ya sakafu, jambo ambalo huwachekesha watoto wanaopita.

Njia ya pili ni lenzi. Lenzi ya kuvuta mbali, ikifunguliwa tundu lake kwa upana, huwaacha wachumba wakiwa wazi na kuwageuza watu wa nyuma kuwa ukungu wa rangi rangi. Tatizo ni kwamba lenzi hiyo humtaka mpiga picha arudi nyuma hatua nyingi, na kila hatua anayorudi ni nafasi kwa familia nyingine kupita katikati na kigari cha mtoto.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuacha lenzi wazi kwa sekunde nyingi, maana mtu anayetembea hafiki kuacha alama katika picha ya namna hiyo. Hoja hiyo ni sahihi katika stesheni ya treni au sokoni. Mbele ya kasri haifui dafu, kwa kuwa watu wa hapo hawatembei: wamesimama, na wao pia wanapiga picha.

Kinachofaa zaidi ni kupiga picha nyingi kutoka mahali pamoja kwa kupishana sekunde kadhaa, kisha programu ya kompyuta ikachagua sehemu zinazojirudia na kuwafuta waliokuwa wakibadilika. Tangu mwaka 2021, simu za Pixel za kampuni ya Google zimekuwa na uwezo wa kumfuta mtu kwa kumgusa tu kidoleni, na kampuni nyingine zimefuata.

Mbinu ya picha nyingi huhitaji kamera isiyotikisika, na hapo ndipo sheria za bustani zinapoingia. Stendi ya miguu mitatu isiyoweza kuingia ndani ya begi la kawaida la mgongoni, au inayorefuka kupita futi 6, hairuhusiwi. Fimbo za kujipigia picha zilipigwa marufuku katika bustani za Disney za Marekani tangu Juni 30, 2015, na siku iliyofuata zikapigwa marufuku Paris na Hong Kong.

Droni nazo hazina nafasi: anga ya juu ya bustani hizo za Marekani ina zuio la serikali la kuruka lililowekwa mwaka 2003. Matokeo yake ni kwamba kifuniko cha pipa la taka kimekuwa stendi mashuhuri kuliko zote, na si ajabu kuona kamera ya thamani kubwa imelazwa juu yake.

Lililo zito zaidi ni suala la nani anaruhusiwa kupiga picha. Mitaa ya Magic Kingdom inafanana na mitaa ya mji, ina taa, maduka na walinda usalama, lakini si mali ya umma. Ni ardhi binafsi, na mwenye ardhi ndiye anayeweka masharti.

Mgeni anaruhusiwa kupiga picha za kumbukumbu yake. Upigaji picha wa kibiashara usioidhinishwa haukubaliwi, na hivyo mpiga picha wa kulipwa anayeingia na wateja wake kwa tiketi ya kawaida anaweza kusimamishwa. Wachumba wanaomkodi wanapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa malipo ya awali, kwa sababu atakayesimamishwa ni yeye, lakini siku itakayoharibika ni yao.

Badala yake zipo njia mbili zinazotambuliwa. Moja ni wapiga picha wa kampuni yenyewe wanaosimama mbele ya kasri karibu muda wote, katika huduma ya PhotoPass. Mwanamume mwenye pete mfukoni anaweza kumsogelea mmoja wao na kumnong'oneza nia yake, naye akawapanga wawili hao kama wageni wengine wowote, kisha akaendelea kubonyeza goti linapogusa chini. Kuziona picha hizo ni bure. Kuzichukua ni kwa malipo. Mara nyingi pia hukubali kupiga picha moja au mbili kwa simu ya mgeni bila kudai chochote.

Njia ya pili ni ya wenye uwezo: kulipia kipindi maalumu cha picha cha asubuhi, kabla milango haijafunguliwa kwa umma. Nyingi ya zile picha za kasri tupu zinazosambaa mitandaoni, hasa zenye gauni la harusi, zilipigwa katika saa hiyo. Utupu huo haukutokea kwa bahati. Ulinunuliwa.

Asiyeweza kuununua hana budi kupambana na saa. Bei ya tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom, ambayo ilikuwa dola 3.50 bustani ilipofunguliwa Oktoba 1971, ilifika dola 189 katika siku za sikukuu za mwisho wa mwaka 2022. Kwa watu wawili hizo ni dola 378, kabla ya chakula, maegesho na pete yenyewe. Mtu aliyelipa kiasi hicho ana haki ya kuudhika kofia ya mtu mwingine inapoingia katika picha yake, ila mwenye kofia naye amelipa vivyo hivyo.

Mgongano huo ulionekana na dunia nzima mwezi Juni 2022, siyo Florida bali Disneyland Paris, nchini Ufaransa. Katika video iliyosambaa kwa kasi, mwanamume alipiga goti juu ya jukwaa mbele ya kasri na kumtolea mwenzake pete. Ghafla mfanyakazi wa bustani akakimbilia pale, akakichukua kijisanduku cha pete mkononi mwa mwanamume huyo, na kuwaelekeza wateremke ngazi, akionyesha kwamba chini ndiko kuliko kuzuri zaidi.

Umati ulizomea. Aliyeiweka video hiyo mtandaoni alidai kwamba ruhusa ilikuwa imeombwa kabla. Kampuni ilieleza masikitiko yake na kuwaomba radhi wachumba hao.

Wengi walimlaani mfanyakazi yule, na ni kweli kwamba mkono wake ulikosa adabu. Hata hivyo, tukio hilo linafundisha jambo ambalo picha tupu hulificha: wanaosimamia bustani huhesabu mtiririko wa watu, na kwao jukwaa ni njia inayopaswa kubaki wazi, hata kama kwa mwenye pete ni mahali pa kukumbukwa maisha yote. Ruhusa ya mdomo iliyotolewa na mfanyakazi mmoja huenda isimfikie yule wa zamu nyingine. Anayekusudia kupiga goti anashauriwa kuchagua mahali pasipo na ngazi, kamba wala maonyesho yanayokaribia kuanza, na kumwambia mfanyakazi aliye hapo hapo, dakika ile ile.

Mahali hapo papo. Upande wa mashariki wa kasri la Florida, kwenye kinjia kinachoelekea eneo la Tomorrowland, kuna kisima cha matamanio ambacho wageni wengi hukipita bila kukiona. California nako kuna kisima kama hicho kando ya kasri, karibu na sanamu za Snow White zilizowekwa mwaka 1961, na kwa miaka mingi pamekuwa kimbilio la wenye pete. Aidha, uwanja wa mbele ya kasri la Florida uliongezwa nyasi na nafasi katika ukarabati uliokamilika mwaka 2015.

Kuhusu majira, Septemba baada ya shule kufunguliwa huwa na watu wachache kuliko Desemba, ingawa ni msimu wa vimbunga na joto lake si la mtu aliyevaa suti. Mvua za radi za alasiri, ambazo ni za kawaida Florida wakati wa kiangazi chao, huwatawanya watu kwa dakika kadhaa, na sakafu iliyolowa huakisi minara kama kioo. Wapo wapiga picha ambao huisubiri mvua hiyo kwa hamu huku wengine wakikimbilia madukani.

Lipo pia suala la adabu ambalo halimo katika masharti ya tiketi. Katika kila picha ya wachumba iliyopigwa mchana, huwa kuna sura za watoto wa watu wengine, na wazazi wao hawakuulizwa. Kuzififiza kabla ya kuiweka picha mtandaoni ni kazi ya dakika mbili.

Kwa wasio na fedha za kipindi cha asubuhi, saa iliyobaki ni ya usiku. Bustani ikishafungwa, wageni waliomo hawafukuzwi papo hapo; maduka ya barabara kuu huendelea kuuza kwa muda, na watu huondoka polepole kuelekea lango. Fataki zimekwisha, watoto wamelala mabegani, na wengi wamelipa kasri mgongo. Wachumba wanaokubali kungoja hadi hapo, miguu ikiwa inauma na gauni limekunjamana, hupata dakika chache za uwanja ulio karibu mtupu chini ya taa, kabla wafanyakazi hawajaanza kuwaomba kwa upole wasogee nje.