"205 ya 16" si mpira mmoja: kusoma maandishi ya mipira mbele ya kununua

Wababa na wamama wa koperative, mara hii hatuongei mbegu wala mbolea. Tunaongea gari, juu mavuno yasiyofika sokoni ni kazi ya bure, na koperative kadhaa tunazotembelea zinachanga franga ili zinunue pikap ya okazioni. Kununua gari ni jambo moja. Kuitafutia mipira inayoendana na janti zake, hapo ndipo franga nyingi zinapotelea, na siku zingine zaidi ya franga.

Tuanze na jambo tuliloliona sisi wenyewe. Koperative moja ya vijiji vya kando ya Lukuga ilikuwa na Hilux ya 4x4, usukani kuume, kama gari nyingi za Japani zinazopitia Dar es Salaam na Kigoma kisha zinavuka ziwa mpaka Kalemie. Mipira yake ya nyuma ikaisha. Komite ikakaa, ikatoa franga, ikamtuma baba mmoja Kalemie na kikaratasi: "mipira 2, 205 ya 16". Baba akazunguka, akapata mipira ya okazioni yenye meno bado marefu, na bei iko chini kuliko ile komite iliyowaza. Akarudisha hata chenji. Mekanisie akaiweka kwenye janti, ikaingia vizuri, hewa ikakaa. Kila mtu akafurahi.

Safari ya kwanza ya mahindi, gunia 10 za kilo 100, mpira mmoja ukapasuka mbele ya kufika Kabalo. Siku mbili barabarani, mvua juu ya mahindi. Kisha ikaja kitu kibaya zaidi: watu wakaanza kunong'ona kwamba baba alikula franga na kununua mipira ya hovyo. Akaonyesha kikaratasi, akaonyesha mpira. Pote kumeandikwa 205, pote kumeandikwa 16. Hakuwa ameiba. Kosa lilikuwa kwenye kikaratasi.

Angalia ubavu wa mpira wa pikap ya mizigo. Utasoma 205 R16 C, na pembeni 110/108. Sasa angalia mpira wa gari ndogo ya kubeba watu. Utasoma 205/55 R16, na pembeni 91. Zote mbili ziko na 205, maana yake upana wa mpira ni milimita 205. Zote mbili ziko na 16, maana yake zinaingia kwenye janti ya inchi 16. Ndiyo sababu ule mpira mdogo uliingia bila kelele. Janti haikatai mzigo, inakatai kipimo cha tundu tu.

Tofauti iko kwenye namba zile ambazo hakuna mtu aliziandika. Ile 55 ni urefu wa ubavu: sehemu 55 kwa 100 za ule upana. Piga hesabu: 205 mara 55, gawanya kwa 100, unapata milimita 113 hivi. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, 226. Ongeza janti, inchi 16 ni milimita 406. Mpira mzima unasimama sentimita 63. Ule wa mizigo hauna mkwaju wala namba ya ubavu, na hiyo ni desturi ya zamani ya kusema ubavu wake ni mrefu, karibu 80 kwa 100. Huo unasimama sentimita 73 na zaidi. Sentimita 10 za tofauti! Gari inashuka sentimita 5 upande wa nyuma, na kwa matope yetu ya Mwezi wa Pili tumbo la ekseni linaanza kulima njia.

Lakini kilichopasua mpira ni ile namba ya pembeni. Hiyo si kilo, ni namba ya kutafuta kilo kwenye jedwali, na jedwali ni moja dunia nzima. 91 ni kilo 615 kwa mpira mmoja. 97 ni kilo 730, 100 ni kilo 800, 108 ni kilo 1,000, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250. Ukiona namba mbili, kama 110/108, ya kwanza ni kwa mpira unaofanya kazi peke yake, ya pili ni kwa mipira miwili iliyobanana upande mmoja kama ya kamyo. Herufi inayofuata ni ya mwendo, na kwa barabara zetu hatuna haja ya kupoteza muda nayo. Herufi C ndiyo inayosema mpira ni wa mizigo.

Sasa weka gunia. Pikap tupu inakalisha karibu kilo 700 juu ya mipira ya nyuma. Ongeza gunia 10, karibu zote ziko nyuma: kilo 1,700. Mipira miwili ya 91 inaweza kilo 1,230. Miwili ya 110 inaweza kilo 2,120. Na hatujahesabu wale watu wanaopanda juu ya gunia, ambao tunajua wapo.

Kulikuwa na shida ya pili kwenye gari ile ile, ambayo haikuonekana siku ile. Mbele ilibaki na mipira mirefu, nyuma mifupi. Kwa kilometa moja mpira mrefu unazunguka karibu mara 433, ule mfupi mara 504. Ukiwa na mwendo wa magurudumu mawili hakuna neno. Lakini ukiingiza 4x4 ya Hilux ya namna hii, mbele na nyuma vinafungwa pamoja na vinalazimishwa kuzunguka sawa. Tofauti ya mara 70 kwa kila kilometa inatafuta fasi ya kutokea. Kwa matope mipira inateleza na kuikimbiza. Kwa udongo mgumu inatafuna meno ya sanduku la 4x4, na bei ya sanduku hilo inanunua mipira mingi sana. Kwa hiyo gari ya 4x4 inapenda mipira 4 ya kipimo kimoja, na isiachane sana kwa kuisha. Ukikosa mita, chukua kamba: zungusha kwenye mpira katikati ya meno, weka alama, kisha peleka kamba ile kwenye mpira mwingine. Alama zikiachana vidole vitatu au vinne, usiingize 4x4 mpaka urekebishe.

Tumeongea mpira, bado janti. Mtu anakuja na janti anasema "hii iko na matundu 6 kama yako". Matundu 6 haitoshi. Hilux ya 4x4 na Mitsubishi L200 zote ziko na matundu 6, na duara la matundu ni moja, milimita 139.7. Lakini tundu kubwa la katikati ni tofauti: kwa Hilux ni milimita 106, kwa L200 ni 67. Janti ya L200 haitaingia kwenye Hilux hata upige nyundo, na tafadhali usipige. Ya Hilux itaingia kwenye L200, lakini kitovu hakiikamati, inaning'inia kwa nati tu. Land Cruiser za mizigo nazo zina mtego wake: zile za zamani ziko na matundu 6, zilizotoka baada ya 1999 ziko na 5. Jina moja, umbo karibu moja, janti hazibadilishani.

Halafu nati, wengine tunaziita ekru. Toyota nyingi zinazotoka Japani ziko na janti za aluminiamu, na nati zake ziko na shingo iliyonyooka na washa bapa ya kukandamiza. Janti ya chuma inataka nati yenye kichwa cha mteremko, inayokaa ndani ya tundu kama mche kwenye shimo lake. Ukivua janti za aluminiamu na kuweka za chuma, badilisha na nati. Nati isiyo yake utaikaza mpaka mkono uume, na kesho gurudumu linacheza.

Upana wa janti pia unahesabiwa. Mpira wa 205 R16 unakaa vizuri kwenye janti ya inchi 6. Mpira wa 265/70 R16, ule mnene ambao vijana wanaupenda, unataka janti ya kuanzia inchi 7. Ukiulazimisha kwenye janti nyembamba, unavimba katikati, meno yanaisha katikati, na kwa kona gari inayumba kama pirogi. Upana wa janti umechongwa kwenye chuma chenyewe, kwa mfano 6J x 16. Pangusa matope utauona.

Wenye Land Cruiser ya zamani au Canter, hapa tunawaomba msome polepole. Mipira yenu ya 7.50 R16 mara nyingi inakaa kwenye janti yenye pete ya chuma, na mpira wa ndani. Pete ile ikiruka wakati wa kuweka hewa, inaua. Tunasema inaua, si kuumiza. Toa hewa yote, toa hata kichwa cha valvu, mbele ya kugusa pete. Usichanganye pete ya janti moja na janti nyingine kwa sababu tu imeingia. Pete yenye kutu iliyokula au iliyopinda, itupe. Wakati wa kuweka hewa, funga gurudumu kwa mnyororo, tumia bomba refu, na watoto wasikae hapo kuangalia. Usipige pete kwa nyundo ikiwa hewa iko ndani, hata kidogo.

Kitu kimoja zaidi kwa mipira ya okazioni. Tafuta neno DOT kwenye ubavu, na mwisho wake namba 4. 1419 maana yake juma la 14 la mwaka 2019. Mpira unaweza kuwa na meno marefu kabisa na bado umezeeka, kama kamba iliyolala miaka juani. Michelin wanasema mpira uliofikisha miaka 10 utolewe hata ukionekana mzuri. Kama namba iko upande wa ndani, muombe muuzaji augeuze. Akikataa kugeuza, umeshapata jibu.

Na kipimo cha kweli cha gari yako utakipata wapi? Si kwenye mipira iliyo juu yake leo, juu mwenye kuiuza anaweza kuwa aliweka chochote alichopata. Fungua mlango wa shofere, angalia nguzo: mara nyingi kuna kibandiko chenye kipimo cha mipira na hewa yake. Kama kimetoka, angalia gurudumu la akiba chini ya gari. Siku zingine ndilo pekee lililobaki la kiwandani.

Yule baba aliombwa radhi mbele ya mkutano mzima, na tuliona namna ilivyomgusa. Mipira midogo iliuzwa kwa mwenye gari ndogo kule Kalemie, hasara kidogo. Katibu sasa ana ukurasa mmoja kwenye daftari ya koperative, na kila anayetumwa ananakili hapo neno kwa neno: "Mipira 2. 205 R16 C. Namba ya mzigo 110/108, isiwe chini. Hakuna mkwaju katikati. DOT isizidi miaka 5. Usipoipata, rudi na franga."