Wana wa Kigoma na Jicho la Kamera

Msafiri ashukaye Ujiji, kando ya mji wa Kigoma, na kuuliza habari za watu mashuhuri wa mji ule wa kale, aghalabu huongozwa mpaka penye miembe, mbele ya sanamu mbili za wanaume wanaoamkiana kwa kuvua kofia, akaelezwa kwamba hapo ndipo mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alipomkuta Dk. David Livingstone mwaka 1871. Habari hiyo ni ya kweli na mahali pale pana haki ya kutunzwa. Walakini kwa insafu yapasa kusema kwamba mashuhuri hao wote wawili walikuwa wageni, mmoja mzaliwa wa Scotland na mwenziwe wa Wales, ilhali wenyeji waliowapokea, waliowalisha na waliowauguza hawamo katika kundi la sanamu. Na kama ilivyokuwa kwa sanamu, ndivyo ilivyokuwa kwa sinema kwa muda mrefu sana.

Mwaka 1939 Hollywood ilitoa filamu juu ya makutano hayo ya Ujiji, ikaongozwa na Henry King, na Spencer Tracy akaigiza kama Stanley. Kikundi cha wapiga picha kilitumwa Afrika Mashariki kuchukua taswira za nyika na misafara, lakini waigizaji wakuu walifanya kazi yao huko huko Marekani, wakaamkiana chini ya miti isiyokuwa miembe yetu. Ziwa Tanganyika nalo lilipata bahati kama hiyo. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka Kigoma kwa reli ambayo ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914, ikateremshwa majini mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui, wakiwa wamekwisha kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba, lijulikanalo na kila mtoto wa mwambao huu. Vita hiyo ya ziwani ndiyo iliyomtia hamu mwandishi C. S. Forester kutunga riwaya ya The African Queen mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaifanya sinema, ambayo ilimpatia Humphrey Bogart tuzo yake ya Oscar. Picha zake zilipigwa Kongo na Uganda. Ziwa Tanganyika lilitoa kisa, maziwa na mito ya wengine ikatoa maji.

Kamera ilipofika kwetu kwa dhati, haikuja kumtazama mtu. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, mwanamwali wa Kiingereza aliyefuatana na mama yake mzazi, alishuka mwaloni Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuchunguza maisha ya sokwe. Na mwaka 1962 akafuatia mpiga picha wa Kiholanzi, Hugo van Lawick, aliyetumwa kwa ajili ya jarida la National Geographic. Mikanda aliyoipiga huko ikazaa filamu iliyoonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1965, sauti ya msimulizi ikiwa ni ya Orson Welles. Na zaidi ya saa 100 za mikanda hiyo, zilizokuwa zimelala ghalani kwa miongo mingi, zikatumiwa na mwongozaji Brett Morgen kutengeneza filamu ya Jane ya mwaka 2017, yenye muziki wa Philip Glass.

Hapo pana jambo la kuchekesha kidogo, nami nalisema bila ya kumdharau mtu: ukiuliza ni wazaliwa gani wa Mkoa wa Kigoma waliotazamwa zaidi na walimwengu katika sinema, jawabu la haki ni kwamba hawakuwa binadamu. Walikuwa sokwe wa ukoo wa Flo, ajuza mwenye pua nene na masikio yaliyochanika-chanika kingo, ambaye sura yake haikuwa na jamala hata kidogo lakini madume wote wa msitu walimfuata. Mwanawe Flint, aliyezaliwa mwaka 1964, alikuwa sokwe wa kwanza wa Gombe ambaye malezi yake yalifuatwa na kamera tangu uchanga, akionekana amening'inia kifuani kwa mama, kisha mgongoni. Na hata alipotimiza miaka minane, umri ambao wenziwe huwa wamekwisha kujitegemea, alikuwa angali akilala katika kiota cha mama yake. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la The Sunday Times la London lilichapa tanzia yake kama lichapavyo za mawaziri na majemadari, na Flint akadhoofika kwa huzuni hata naye akafa baada ya majuma machache. Ni waigizaji wangapi wa kwetu waliopata kuombolezwa London?

Lakini msitu ule una watu wake pia, na hao ndio ninaotaka wasomaji wawatie maanani. Siku za mwanzo Bi Goodall alionyeshwa njia za mabonde ya Gombe na mwenyeji aitwaye Rashidi Kikwale. Baadaye vijana wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuwafuata sokwe kutwa kucha na kuandika kila walichokiona: nani amekula nini, nani amempiga nani, nani amemchana nani manyoya. Mnamo Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni, na baada ya hapo wageni hawakuruhusiwa kukaa Gombe kama zamani. Kazi nzima ya kila siku ikabaki mikononi mwa Watanzania hao, akiwamo Hilali Matama, ambao hawakuwa na shahada za vyuo vikuu ila walikuwa na macho makali na miguu isiyochoka. Kumbukumbu hazikukatika. Tena baadhi yao wakafunzwa kutumia kamera ndogo za video, wakapiga picha za mambo ambayo hakuna mgeni aliyekuwapo kuyashuhudia. Kwa hukumu yangu, historia ya sinema ya Kigoma kwa wenyewe Wanakigoma yaanzia hapo, kwa mkulima au mvuvi aliyevaa kandambili akipanda bonde na kamera begani, wala haianzii Hollywood.

Sasa, nani ahesabiwe mwana wa Kigoma? Suala hili lina utata kuliko lionekanavyo, na mifano miwili yatosha kulidhihirisha. Mwanamuziki Nasibu Abdul Juma, ambaye walimwengu wanamwita Diamond Platnumz, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1989 na kukulia Tandale. Kwa cheti cha kuzaliwa yeye ni mtu wa mjini hasa. Hata hivyo Kigoma humdai kwa nasaba, na yeye mwenyewe hakukana, kwani mwaka 2012, Zitto Kabwe, wakati huo akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipowakusanya wasanii wenye asili ya mkoa huo, naye alikuwamo pamoja na Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz na wengineo, wakaimba kwa jina la Kigoma All Stars wimbo uliopewa anwani ya Kiha, lugha ya mkoa huo: Leka Dutigite. Wimbo ule ulitikisa nchi nzima, na watu ambao hawakupata kusikia neno la Kiha maishani mwao wakawa wanaliimba mabasini.

Kinyume chake ni Nestory Irankunda. Huyu alizaliwa Kigoma hasa, mwaka 2006, katika kambi ya wakimbizi, kwa wazazi waliokimbia vita vya Burundi. Akachukuliwa Australia angali mtoto mchanga, akajifunza kandanda Adelaide, akasajiliwa na Bayern Munich mwaka 2024, na mwaka huo huo akaivalia Australia jezi ya taifa. Udongo wa Kigoma ulimpokea, lakini sidhani kama kuna kumbukumbu hata moja aliyobeba kutoka huko. Mkoa uliowahifadhi wakimbizi kwa maelfu kwa maelfu, wa Burundi na wa Kongo, una wazaliwa wa namna yake wengi waliotawanyika duniani, na katika vitabu vya wageni vya kesho majina ya Kasulu na Kibondo yatatokea mahali ambapo hakuna atakayeyatarajia.

Mipaka yenyewe ni ya juzi tu. Wavuvi wa dagaa, wa Kibirizi huku Kigoma na wa Rumonge huko Burundi, huwasha taa zao usiku wa giza na hupumzika mwezi unapopevuka, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa mbalamwezi inapotanda majini. Hawa hawana haja ya ramani kujua kwamba wao ni watu wa ziwa moja. Kwa sababu hiyo sioni vibaya kumtaja hapa mwanamke aliyezaliwa mwaka 1959 Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura, penye ncha ya kaskazini ya ziwa hili hili. Jina lake ni Khadja Nin, kitinda mimba wa watoto wanane. Aliolewa mapema, akaishi Zaire, kisha mwaka 1980 akahamia Ubelgiji na mwanawe mdogo. Huko akakutana na mpiga gita Nicolas Fiszman, na kwa pamoja wakaanza kutunga muziki ambao haukuwa wa Ulaya wala haukuwa wa ngoma za watalii. Aliimba kwa Kirundi na Kifaransa, lakini sana sana kwa Kiswahili, Kiswahili cha bara ya ziwa, chenye lafudhi ambayo mtu wa Mwanga au Gungu, mitaa ya mji wa Kigoma, huitambua mara moja. Na albamu yake Sambolera ya mwaka 1996 iliwafanya Wafaransa na Wabelgiji wasioijua lugha hii waiimbe. Mmoja wa nyota wakubwa wa sinema ya Ufaransa, Jeanne Moreau, aliongoza video ya wimbo wake mmoja.

Mei 2018 Khadja Nin alialikwa Cannes, mji wa pwani ya kusini ya Ufaransa, kuwa mmoja wa waamuzi tisa wa tamasha kubwa la filamu, jopo lililoongozwa na Cate Blanchett na kuwajumuisha waongozaji kama Ava DuVernay na Denis Villeneuve. Siku ya 12 Mei wanawake 82 walipanda pamoja ngazi zenye zulia jekundu kudai haki sawa katika kazi ya sinema, naye alikuwa miongoni mwao. Na mwishoni jopo lao likampa tuzo ya Palme d'Or mwongozaji wa Kijapani, Hirokazu Kore-eda, kwa filamu yake ya Shoplifters. Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ni adimu. Mwambao wetu umezoea kutazamwa na kupimwa na wengine, na mara hii mzaliwa wake alikaa katika kiti cha anayetazama, akazipima kazi za walimwengu.

Katika wote niliowataja na nitakaowataja, wa mwisho ndiye wa kwanza kwangu, ingawa hakuwa mtu wa sinema. Ben Rashidi Mtobwa alizaliwa tarehe 28 Agosti 1958 katika kijiji cha Kasangezi, Kasulu, kwenye nyanda za juu ambako ziwa halionekani. Alikuja kuwa mmoja wa waandishi waliosomwa mno nchini wakati ambapo watu walikuwa wakisubiri riwaya mpya kama wasubirivyo leo mfululizo wa televisheni. Yeye na mwandishi mwenziwe Elvis Musiba walikuwa kama mafahali wawili wa zizi moja, Mtobwa na mpelelezi wake wa riwayani Joram Kiango, Musiba na Willy Gamba wake. Vitabu vile vilikuwa vidogo, vya kutiwa mfukoni, na kila nakala ilipita mikono mingi hata jalada likakatika na kurasa za mwanzo zikapotea, na wasomaji wengine wakawa hawajui kisa kilianzaje ila wanajua kilivyokwisha. Anwani zake peke yake zilitosha kumsimamisha mpita njia: Salamu Kutoka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena, Tutarudi na Roho Zetu. Wataalamu wa fasihi waliviweka fungu la riwaya pendwa, na baadhi yao walilitamka fungu hilo kwa kukunja pua. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa kuandika sentensi inayomlazimisha mtu aliyechoka kuwasha taa tena usiku si kazi ya mzaha.

Hata hivyo kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote si cha upelelezi. Ni Dar es Salaam Usiku, kilichotafsiriwa pia kwa Kiingereza, ambamo mji mkuu ule wa biashara unaonekana kwa taa zake, baa zake, matajiri wake na wanawake wake, kwa namna ambayo mzaliwa wa Kariakoo, aliyeyazoea yote hayo tangu utotoni, asingeyaona kwa ukali kama huo. Stanley alitoka ugenini akaja Ujiji kuuandika. Mtobwa alitoka Kasulu, akafuata njia ile ile kwa upande wa pili, akauandika mji wa pwani. Huko alianzisha pia kampuni ya uchapishaji ya Heko, akawa hategemei hisani ya mtu ili kazi yake ifike sokoni. Alifariki tarehe 9 Novemba 2008, miezi michache baada ya kutimiza miaka 50. Waongozaji wetu wa filamu wanaolalamika kwamba visa vimekwisha na kuazima vya Nigeria na Ufilipino, wangeanza kwa kumtafuta Joram Kiango katika meza za vitabu vya mitumba. Bei yake si kubwa, na mapigano, mapenzi na safari za ndege vimo humo tayari, vimepangwa sura kwa sura.