Chupa ya kupulizia mafuta: Inaokoa nini jikoni, na wapi inahitaji tahadhari?

Mafuta ya kula ni miongoni mwa bidhaa ambazo familia nyingi za Afrika Mashariki hununua kila wiki, na nyingine kila siku kwa kipimo kidogo cha dukani. Hata hivyo, ni bidhaa ambayo wapishi wengi hawaipimi wakati wa kuitumia. Chupa inainamishwa juu ya kikaango, na mkono ndio unaoamua.

Ndiyo maana chupa za kupulizia mafuta, zinazojazwa upya kila zinapoisha, zimeanza kuonekana kwenye maduka ya vyombo na mitandaoni. Wauzaji wanaahidi afya bora na matumizi madogo. Je, ahadi hizo zina ukweli kiasi gani? Na kwa nini chupa hiyo hiyo inaweza kusababisha moto jikoni ikitumiwa vibaya?

Kwa nini mafuta yanahesabiwa?

Sababu ya kwanza ni pesa. Nchi zetu huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, hasa ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Mwaka 2022 wengi walijionea maana ya utegemezi huo. Vita vya Ukraine vilikwamisha mafuta ya alizeti, kisha tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese kuuzwa nje, zuio lililoondolewa tarehe 23 Mei. Bei zilipanda hadi kwenye maduka ya mitaani, ambako watu hununua robo lita.

Sababu ya pili ni afya. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Kijiko kimoja cha chakula chenye mililita 15 za mafuta kina takriban kalori 120. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba kwa mtu mzima, mafuta ya aina zote yasizidi asilimia 30 ya nishati anayopata kwa siku, na yale yenye asidi zilizoshiba yasizidi asilimia 10.

Hesabu ya nyumbani si ngumu. Familia ikipunguza kijiko kimoja tu cha chakula kwa siku, kwa siku 30 itakuwa imeokoa mililita 450, karibu nusu lita. Wala hilo si suala la kujinyima, kwani mara nyingi kijiko hicho ndicho kinachobaki chini ya kikaango na kumwagwa.

Inafanyaje kazi?

Mafuta ni mazito kuliko maji kwa maana ya jinsi yanavyotiririka. Maji hupasuka kirahisi kuwa matone madogo yanaposukumwa kwenye tundu dogo, lakini mafuta hung'ang'aniana. Ndiyo sababu chupa ya kawaida ya kunyunyizia maji, ukiitia mafuta, hutoa mchirizi mmoja ulionyooka badala ya ukungu.

Chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ina kifyatulio cha kubonyeza kwa kidole, na kila mbonyezo husukuma kiasi kidogo cha mafuta kupitia tundu jembamba. Ya pili hujazwa hewa: mtumiaji hupandisha na kushusha kifuniko mara kadhaa, hewa inabanwa ndani, kisha kitufe kinapobonyezwa hewa hiyo husukuma mafuta nje. Aina hii haipaswi kujazwa hadi juu. Nusu ya chupa inatosha, kwa sababu hewa nayo inahitaji nafasi.

Kuna pia makopo yanayouzwa yakiwa tayari na mafuta na gesi ndani, ambayo hayajazwi tena. Mengi yana gesi inayoshika moto na kiungo kiitwacho lesithini, ambacho huacha utando wa kunata kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Nchini Marekani baadhi ya makopo hayo huandikwa kuwa yana kalori sifuri. Kanuni za huko zinaruhusu hivyo pale kipimo kimoja kinapokuwa na chini ya kalori 5, na kipimo chenyewe ni cha kupuliza kwa robo sekunde tu. Hakuna mpishi anayepuliza kwa robo sekunde. Mafuta yanabaki kuwa mafuta, yawe ya kumimina au ya kupuliza.

Pima chupa yako mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Mpishi akibonyeza mara 20 kwa sababu "ni ukungu tu," huenda akawa ametumia mafuta yale yale aliyokuwa akiyamimina.

Njia rahisi ya kujua ni hii. Chukua kijiko kidogo cha chai cha kupimia, chenye mililita 5. Weka mdomo wa chupa karibu nacho, bonyeza na uhesabu hadi kijiko kijae. Ikiwa kimejaa kwa mibonyezo 10, basi kila mbonyezo ni nusu mililita. Ukijua namba hiyo, unaweza kupika kwa hesabu. Kikaango cha wastani cha kukaangia yai, kwa mfano, kinaweza kutosheka na mibonyezo miwili au mitatu, ikisambazwa vizuri.

Mapishi yanayofaa na yasiyofaa

Chupa hii inafanya kazi vizuri pale unapohitaji utando mwembamba: kukaanga yai, kupaka sinia la kuokea mkate au keki, kulainisha viazi au samaki kabla ya kuingia kwenye oveni au kwenye kikaangio cha hewa moto, na kupaka chapati ikiwa juu ya chuma.

Kwa chapati, kuna jambo la kuzingatia. Mafuta yanayopakwa kwenye donge kabla ya kulikunja ndiyo yanayotenganisha matabaka na kuifanya iwe laini. Ukiyapunguza sana hapo, utapata chapati ngumu kama ngozi. Weka mafuta ya kutosha wakati wa kukunja, kisha tumia chupa wakati wa kuchoma juu ya chuma, mahali ambapo mafuta mengi hupotea.

Kwa vitunguu vya mchuzi, utando mwembamba pekee huwa hautoshi, kwa sababu mafuta ndiyo yanayopeleka joto kila upande wa kitunguu. Vikianza kushika chini, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji na ufunike kidogo, badala ya kuendelea kupuliza.

Maandazi, sambusa na bajia vinahitaji mafuta ya kuelea. Chupa haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Ukivioka baada ya kuvipulizia mafuta vitaiva, lakini vitakuwa chakula kingine chenye ladha nyingine.

Si kila mtu anatakiwa kupunguza mafuta. Watoto wa chini ya miaka 2 wanahitaji nishati nyingi katika chakula kidogo, na mafuta ni sehemu muhimu ya uji na chakula chao. Pia vitamini A, E na K hufyonzwa mwilini kwa msaada wa mafuta. Mchicha au karoti zilizopikwa bila tone la mafuta humnufaisha mlaji kidogo kuliko zenye kijiko kidogo cha mafuta.

Mafuta gani yanafaa?

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa hutoka vizuri na hubaki majimaji hata kwenye baridi. Yale yanayokamuliwa kwenye mashine ndogo, kama yanayouzwa kando ya barabara Singida na Dodoma, ni mazuri kwa ladha lakini mara nyingi huwa na mashapo. Yaache yatulie siku kadhaa, kisha yachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuyatia, la sivyo tundu litaziba.

Mafuta yatokanayo na mawese huanza kuganda kwenye maeneo ya baridi. Mpishi wa Njombe, Limuru au Arusha msimu wa baridi anaweza kukuta chupa imegoma asubuhi. Mafuta ya nazi nayo huganda joto linaposhuka chini ya takriban nyuzi 24 za Selsiasi. Dawa ni kuisimamisha chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, kamwe si kuiweka karibu na moto.

Usitie vitunguu saumu, pilipili au majani mabichi ndani ya chupa na kuiacha kabatini. Mafuta huzuia hewa, na ndani ya kitunguu saumu kibichi kilichozama vinaweza kukua vijidudu vinavyosababisha botulizimu, sumu inayopoozesha misuli na inayoweza kuua. Sumu hiyo haibadilishi harufu wala rangi ya mafuta. Viungo vitiwe kwenye chakula, si kwenye chupa.

Hatari ya moto

Tahadhari kubwa kuliko zote ni hii: usipulize mafuta kuelekea moto, iwe ni gesi, mkaa au kuni.

Mafuta yaliyotulia kwenye kikaango hayashiki moto kirahisi. Lakini yakigeuzwa kuwa matone madogo sana, kila tone linazungukwa na hewa, na yote yanaweza kuwaka kwa pamoja kwa mlipuko mmoja. Kwenye nyama choma, anayepuliza mafuta juu ya makaa anaweza kurudishiwa ndimi za moto usoni.

Utaratibu salama ni kupuliza mafuta kwenye kikaango kabla hakijawekwa jikoni. Ukihitaji kuongeza, zima gesi au epua kikaango, kisogeze mbali na moto, puliza, kisha kirudishe. Nyama ipakwe mafuta ikiwa bado kwenye sinia.

Mafuta ya kikaango yakishika moto, usimwage maji, kwani maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka pande zote. Zima gesi kama unaweza kuifikia, funika kwa mfuniko wa chuma na usikifunue wala kukibeba hadi kipoe. Kama moto ni mkubwa, toeni watu nje kwanza.

Usiivute pumzi yenye ukungu wa mafuta, na usipulize karibu na uso wa mtoto. Ukungu huo pia huanguka sakafuni, na vigae vyenye mafuta huteleza. Shikilia chupa karibu na chombo unachokipaka.

Kununua na kutunza

Kamwe usitumie tena chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu, sabuni ya vioo au kemikali nyingine yoyote, hata ukiiosha mara kumi. Plastiki inaweza kubakiza kemikali hizo. Nunua chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Nyingi huwa na alama ndogo ya glasi na uma. Iandike "MAFUTA" kwa herufi kubwa na uiweke mbali na chupa za usafi.

Ukiweza, omba muuzaji akuonyeshe ikifanya kazi kwa mafuta, si kwa maji. Karibu kila chupa hupuliza maji vizuri.

Mwanga, joto na hewa huharibu mafuta. Kwa mujibu wa sheria, mafuta ya kula yanayosindikwa viwandani Kenya na Tanzania huongezwa vitamini A, na vitamini hiyo hupungua inapokaa kwenye mwanga. Chupa ya rangi nyeusi, au inayowekwa kabatini, ni bora kuliko ya kioo cheupe inayosimama dirishani. Tia mafuta ya wiki moja au mbili tu, na usiongeze mapya juu ya ya zamani, kwa sababu mabaki yaliyochacha huharakisha kuharibika kwa hayo mapya.

Chupa ikiisha, ioshe kwa maji ya moto kiasi na sabuni, kisha pulizia maji hayo ya sabuni kupitia tundu lake mara kadhaa, halafu maji safi. Iache ikauke kabisa, maana tone la maji likibaki litaruka kwenye kikaango cha moto. Ikiziba, loweka kichwa chake kwenye maji ya moto. Usichokonoe kwa sindano, kwani tundu likipanuka chupa itatoa mchirizi badala ya ukungu.

Na asiye na chupa?

Brashi ya jikoni hupaka chapati na masinia vizuri, na haina hatari ya ukungu karibu na moto. Kijiko cha chai nacho hupima mafuta kwa uhakika kuliko mkono unaoinamisha dumu. Kinachookoa pesa na afya ni kujua umetumia kiasi gani, na chupa ya kupulizia ni njia mojawapo tu ya kulijua hilo.