Mita ya Paneli kwa Kikaushio cha Mahindi: Likuyani Inunue Ipi?

Mahindi ya Likuyani hukomaa mvua ikiwa bado haijaaga. Hupandwa Machi na Aprili, huvunwa kuanzia Oktoba, na mkulima wa Kongoni, Sango au Sinoko huyaanika kwenye turubai akiombea jua ambalo mara nyingi hufunikwa na wingu kabla ya alasiri. Ndiyo maana vikaushio vimezidi kuonekana pande hizi za North Rift na Magharibi. Kuna vile 100 vya kuhamishika ambavyo serikali ilinunua mwaka 2023, kuna vya vyama vya ushirika, na kuna vya wafanyabiashara, vilivyochomelewa na mafundi wa jua kali kwa kufuata mfuko wa mwenyewe. Kwenye kisanduku cha stima cha kikaushio huwa kuna kidirisha chenye namba zinazong'aa. Hiyo ndiyo mita ya paneli. Hupokea habari kutoka kwa sensa iliyo ndani ya hewa moto na kumwambia mwendeshaji nyuzi ni ngapi.

Anayejenga kikaushio chake huiacha mita iwe ya mwisho kununuliwa, pesa zikiwa zimekwisha kwenye feni, mota na mabati. Nasema wazi kwamba hapo ndipo hasara inapoanzia, na kwamba aliyebaki na pesa chache azipeleke kwenye sensa na waya kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinunue kidirisha. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu kidirisha ndicho kinachoonekana.

Kwanza tujue namba hiyo inalinda nini. Mahindi ya mbegu hayafai kupitishiwa hewa ya zaidi ya nyuzi 43, maana kiini hufa na mbegu haitaota. Ya kusaga unga huvumilia hadi karibu nyuzi 60. Ukizidisha hapo, punje hupasuka ndani kwa ndani na kinu hutoa vumbi badala ya unga mzuri. Ya chakula cha mifugo yaweza kufika nyuzi 80. Lengo la yote ni unyevu wa asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa na soko la Afrika Mashariki na ambacho bila hicho ghala la bodi ya nafaka, NCPB, pale Moi's Bridge halitakupokea. Mahindi yakiwekwa mabichi kuliko hapo, kuvu hupata makao, na sumu yake ndiyo iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004.

Sasa uchaguzi wenyewe. Rahisi kuliko zote ni kipima joto cha mshale, kile cha bomba la chuma linalochomekwa ukutani mwa kikaushio. Hakitaki stima wala ufundi. Ila mwendeshaji lazima asimame karibu kukisoma, na hakiwezi kupiga honi wala kuzima kichomeo moto ukizidi. Kwa kikaushio kidogo kinachowashwa kwa magunzi, chenye mtu asiyebanduka pale, kinatosha kabisa, na sioni sababu ya mwenye magunia thelathini kwenda mbali zaidi ya hicho.

Inayofuata ni mita ndogo ya mraba ya milimita 48 kwa 48, inayopatikana kwenye maduka ya elektroniki Nairobi na mitandaoni kwa shilingi elfu mbili au tatu hivi, mara nyingi pamoja na sensa ya themokapo yenye waya wa kama mita moja. Nyingi hubeba jina la kampuni ya Japani ambayo haijawahi kuzigusa. Hata hivyo, si takataka. Ikifungwa vizuri husoma karibu na ukweli. Mtego wake ni mwingine: kuna aina yenye rilei ndani na aina inayotoa volti chache tu za kuwashia rilei ya kielektroniki, na kwa sura zote mbili ni pacha. Ukitaka iwashe kontakta ya mota na umepewa ile ya pili, haitafanya kitu. Soma herufi na namba zilizobandikwa ubavuni kabla ya kutoa pesa, na muuzaji asiyejua maana yake usimwachie akuchagulie.

Juu yake kuna mita ya milimita 96 kwa 48 ya kampuni inayojulikana, ile inayopokea kila aina ya sensa: Pt100, themokapo za aina mbalimbali, na mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Hapa bei huruka kufikia elfu kumi na zaidi. Unacholipia ni namba kubwa zinazosomeka hata vumbi likitimka, kengele mbili unazoweza kuzipanga tofauti, mara nyingi volti 24 za kulishia vifaa vingine vya kupima, na kitabu cha maelezo kinacholingana na kifaa kilichomo kwenye boksi. Hiki cha mwisho hudharauliwa mpaka saa nne usiku kikaushio kinapogoma na fundi yuko Eldoret.

Ya nne ni kompyuta ya mitambo yenye skrini ya kugusa. Kwa kikaushio kimoja ni fahari tu. Kwa chama chenye vikaushio viwili au vitatu, boila na mashine ya kusafisha nafaka, hapo twaweza kuzungumza.

Nirudi kwenye sensa, maana hapo ndipo penye mambo. Themokapo ya aina ya K hutoa volti ndogo mno, kama sehemu 41 kwa milioni za volti moja kwa kila nyuzi. Waya wake si shaba ya kawaida, na ukitaka kuurefusha lazima utumie waya wa jamii yake. Fundi wa nyumba, aliyezoea balbu na soketi, hurefusha kwa kipande cha waya wa shaba alichonacho mfukoni. Matokeo yake ni haya: ikiwa kiungio kiko karibu na tanuri penye nyuzi 45, na mita iko kwenye paneli penye nyuzi 25, mita itapunguza nyuzi 20. Hewa ni nyuzi 60, kidirisha chasema 40. Mwendeshaji anaongeza moto, na mahindi ya kula yanapikwa kwenye nyuzi 80 huku kila mtu akiangalia namba nzuri ya 60. Hakuna taa itakayowaka, wala kengele itakayolia.

Jambo jingine la themokapo ni rangi. Kwenye nyaya zinazofuata mtindo wa Marekani, waya mwekundu ni hasi, na fundi yeyote wa huku akiona wekundu huupeleka kwenye chanya. Dalili yake ni rahisi kuiona: washa kiberiti kwenye ncha ya sensa, namba zikishuka badala ya kupanda, geuza nyaya.

Kwa sababu hizo, kwa joto la chini ya nyuzi 100 mimi huipendekeza Pt100, sensa ambayo ukinzani wake hubadilika na joto, badala ya themokapo. Hiyo hurefushwa kwa shaba ya kawaida, ilimradi iwe ya nyaya tatu na zote tatu zifike kwenye mita. Ukiipima kwa multimita kabla ya kuilipia, nyaya mbili za rangi moja zinapaswa kusoma karibu sifuri kati yao, na moja kati ya hizo pamoja na ule wa tatu zisome kama omu 108 au 109 kwenye hewa ya kawaida ya dukani. Ikiwa fundi ataamua kuokoa waya mmoja na kufunga nyaya mbili tu, kila omu moja ya waya itaongeza zaidi ya nyuzi mbili na nusu za uongo. Umbali wa mita 20 kwa waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba hufikisha kosa la nyuzi tatu hadi nne. Kwa mahindi ya unga si neno. Kwa mbegu, ambayo kikomo chake ni 43, ni neno kubwa.

Kufunga mita yenyewe si kazi ngumu. Tundu la ile ya 96 kwa 48 hukatwa milimita 92 kwa 45, na la ndogo ya mraba 45 kwa 45. Ukikata kubwa kwa pupa, vibano havitashika na mpira wa mbele hautaziba, na ile ahadi ya kuzuia vumbi na maji iliyoandikwa kwenye boksi huhesabika kwa uso wa mbele tu, mpira ukiwa umekaa sawasawa. Makapi ya mahindi huingia popote. Waya wa sensa usilale pamoja na nyaya za mota kwenye bomba moja. Zitenganishe kwa sentimita 30 hivi, na zikilazimika kupishana zikate kama msalaba. Rilei ya ndani hubeba ampea tatu hadi tano, kwa hiyo isiwashe feni moja kwa moja. Iwashe kontakta, na kontakta ndiyo iwashe feni.

Umeme wa kuilisha ni kidogo mno. Mita ya wati tano ikiwaka usiku na mchana mwezi mzima hula yuniti 3.6. Gharama halisi ya stima iko kwenye radi. Kakamega ni kaunti ya radi, na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme pamoja na fyuzi ndogo mbele ya mita ni bei ya chini kuliko mita mpya. Hakikisha pia umenunua ya volti 240, kwani ipo inayofanana nayo ya volti 24, na hiyo hufa mara moja ukiipa stima ya Kenya Power.

Je, tofauti ya elfu nane kati ya mita ya bei nafuu na ile nzuri hurudi? Tuchukue gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18. Likikaushwa hadi 13.5, hubaki kilo 85.3. Moto ukizidi na likafika 11.5, hubaki 83.4. Karibu kilo mbili zimekwenda hewani, na hakuna anayekulipa kwa hizo. Kwa magunia 100 ni kilo 193. Kwa bei ya shilingi 4,000 kwa gunia, ile iliyotangazwa na serikali mwaka 2023, umepoteza zaidi ya shilingi 8,500 kwa mkupuo mmoja, bila kuhesabu dizeli au magunzi yaliyoungua bure. Anayekausha magunia mia kwa siku hahitaji kushawishiwa zaidi.

Lakini mita ya joto haipimi unyevu wa punje, na hakuna kengele yake itakayokuambia mahindi yamekauka. Kipima unyevu cha mkononi ni ununuzi tofauti na wa lazima. Anayekosa aweke mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, atikise, aache dakika kadhaa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Na ikiwa paneli yako ina kidirisha cha mizani unayouzia watu, hicho kina sheria yake: lazima kikaguliwe na kupigwa muhuri na ofisi ya Vipimo na Mizani. Cha joto hakina sharti hilo, hivyo mkaguzi wake ni wewe.

Ukaguzi huo wataka sufuria tu. Kwenye barafu iliyopondwa ndani ya maji, ukiikoroga na sensa, mita isome sifuri. Kisha maji yanayochemka, ncha isiguse chini ya sufuria. Hapa wengi hukosea kwa kukaririshwa shuleni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Likuyani iko juu sana kwa hilo. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Mita inayosoma 94 ni nzima. Fundi akiilazimisha isome 100 kwa kubonyeza vitufe vya marekebisho, ameiharibu kwa mikono yake. Ukishairidhia, ifunge kwa namba ya siri, ili kijana wa zamu ya usiku asibadilishe aina ya sensa kwa kubahatisha.

Kwa ushauri wangu, basi, anayekausha mahindi yake mwenyewe na ya majirani wachache achukue mita ndogo ya mraba aina inayopokea Pt100, aachane na themokapo iliyomo kwenye boksi, na anunue Pt100 ya nyaya tatu yenye bomba la chuma kisichoshika kutu. Anayekausha mahindi ya mbegu kwa mkataba, au anayetoza watu ada, aende moja kwa moja kwenye ile ya 96 kwa 48, kengele ya kwanza aiweke nyuzi mbili chini ya kikomo chake na ya pili izime kichomeo. Wote wawili wanunue sensa mbili siku hiyo hiyo, kwani sensa ndiyo inayokaa motoni, na huchoka kabla ya kidirisha.